Barua kwa mwanangu anayependa baridi

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Unasema tangu ulipotangaza kwamba umeikubali nafasi ile ya kaskazini, kila mtu amegeuka daktari. Mmoja anakuambia damu yako ni nyepesi mno kwa theluji. Mwingine anasema Mungu hakukosea alipokupa rangi hiyo. Binamu yako amekwenda mbali zaidi: kwake yeye, mtu mweusi anayesema anapenda baridi anajipendekeza kwa Wazungu. Na huko unakokwenda, mwenyeji wako amekuuliza kwenye simu, kwa upole wote, kama una uhakika utaweza. Sasa unaniuliza mimi kama ni kweli miili yetu haikuumbwa kwa baridi.

Ni kweli, mwanangu. Mwili wako haukuumbwa kwa baridi. Wa mwenyeji wako pia haukuumbwa kwa baridi, ila hilo hakuna aliyemuuliza.

Binadamu akiwa uchi, ametulia bila kazi, mahali pasipo upepo, huona raha hewa ikiwa na joto la nyuzi 28 hivi. Hapo hatokwi jasho wala hatetemeki, na mwili unabaki kwenye nyuzi zake 37 bila kuhangaika. Hewa ikipoa zaidi, mishipa midogo ya damu iliyo ngozini hujibana ili joto lisipotee, na ikiendelea kupoa misuli huanza kutetemeka ili kuzalisha joto. Mweke mtu wa Norwei na mtu wa Kongo katika chumba cha nyuzi 10 bila nguo, uone nani atatoka mbio. Wote. Sisi sote ni viumbe wa nchi za joto tuliosambaa duniani kwa msaada wa moto, nyumba na nguo. Wainuit wa Aktiki, lile eneo la barafu la kaskazini kabisa mwa dunia, ambao kila mtu huwataja kama watoto wa barafu, wameishi kule kwa ufundi wa kushona nguo za ngozi za wanyama zilizowakinga wasiguswe na baridi. Ndani ya nguo hizo ngozi ya Muinuit ilikuwa katika hali ya hewa ya kitropiki kama yako.

Nani apende nini ni jambo jingine kabisa. Wewe na dada yako mmezaliwa na mama mmoja na baba mmoja, mkalala chumba kimoja. Yeye alijifunika gubigubi, wewe ulipiga blanketi teke. Hapo rangi ilikuwa na kazi gani? Unene wa mwili, umri, usingizi, homoni, kazi unayofanya, mahali ulikokulia, hata kumbukumbu ya furaha uliyowahi kuipata mahali fulani, vyote hivyo vinachangia mtu aseme "leo ni pazuri" au "leo ni pabaya".

Sasa ngozi. Watu hudhani weusi wa ngozi ni kinga ya joto. Fikiria kidogo: kitu cheusi kikianikwa juani hupata joto kuliko cheupe, na ngozi nyeusi kwa kweli hufyonza mwanga wa jua zaidi ya ngozi nyeupe. Kama ngozi ingekuwa ni suala la joto, sisi tungepewa rangi isiyo sahihi. Kinachozuiwa na melanini, ile rangi iliyo ndani ya ngozi, ni ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, mionzi ya urujuanimno, inayounguza ngozi, inayoleta saratani na kuharibu vitamini ya foleti ambayo mwanamke mjamzito anaihitaji sana. Kule ambako mionzi hiyo ni haba, ngozi ilipungua weusi kizazi baada ya kizazi, na maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba mwili ulihitaji kuruhusu mionzi ya kutosha ili utengeneze vitamini D. Basi rangi ni habari ya mwanga. Joto na baridi vimesingiziwa tu kwa sababu mara nyingi vinatembea pamoja na jua.

Na mahali vinapoachana, uongo unaonekana wazi. Wainuit wanaishi mahali penye jua haba, wala hawana weupe wa watu wa Skandinavia. Vitamini D waliipata katika samaki na wanyama wa baharini. Wenyeji wa Tasmania, kisiwa chenye majira ya baridi ya kweli, walikuwa watu weusi, na waliishi huko kwa makumi ya maelfu ya miaka. Katika jangwa la Australia ya kati, watafiti walikwenda katika miaka ya 1950 kupima jinsi wenyeji walivyolala nje usiku wa baridi karibu na sifuri, bila nguo, katikati ya mioto midogo. Wenyeji walilala usingizi wao. Watafiti Wazungu waliojaribu kulala hivyohivyo walitetemeka usiku kucha. Ukimweleza binamu yako habari hiyo, atakuambia hao si weusi kama sisi. Ndivyo ilivyo mchezo huu: mfano ukikataa kutii, unafukuzwa kwenye kundi.

Jasho nalo lina hadithi yake. Mwili unaozoea joto hubadilika ndani ya wiki moja hadi mbili: jasho huanza mapema, huwa jingi, hupungua chumvi, na maji ya damu huongezeka. Mabadiliko hayo hayatazami rangi. Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ililijua hilo kwa gharama ya maisha ya watu. Chini kabisa ya ardhi, ambako mwamba wenyewe ni moto na hewa imejaa unyevu, wachimbaji walianza kufa kwa kiharusi cha joto mwaka 1924. Wengi waliokufa walikuwa Waafrika weusi, wale ambao kila bwana mkubwa alidhani wamezaliwa tayari kwa joto. Baadaye migodi ilijenga vyumba vya joto, wachimbaji wapya wakawa wanapanda na kushuka vipandio humo kwa saa kadhaa kila siku, siku nyingi mfululizo, kabla ya kuruhusiwa kushuka shimoni. Kama weusi wa ngozi ungetosha, nani angepoteza pesa kujenga vyumba hivyo?

Lakini sitaki uende huko ukiwa na majibu ya upande mmoja. Kuna jambo moja ambalo madaktari wa majeshi ya Marekani na Uingereza wameliona kwa muda mrefu: askari wenye asili ya Afrika huumia vidole vya mikono na miguu kwa baridi kali mara nyingi zaidi ya wenzao weupe. Vita vya Korea, hasa majira ya baridi ya 1950 na 1951, vilionyesha hivyo. Vipimo vya maabara navyo huonyesha kwamba, kwa wastani, mishipa ya vidole vya watu wenye asili ya Afrika hujibana zaidi na hukawia kufunguka tena. Hilo ni kweli na sitakuficha. Ila lisome vizuri. Takwimu hizohizo zilionyesha kwamba askari waliokulia majimbo ya kusini ya Marekani waliumia zaidi ya wale wa kaskazini, weupe wakiwemo. Sigara ilichangia, viatu vilivyolowa vilichangia, na kukaa muda mrefu handakini kulichangia. Kwa upande mwingine, wavuvi wa Gaspé kule Kanada, wanaoshika nyavu zilizolowa maji ya barafu, walipopimwa mikono yao ilionekana kubaki na joto kuliko ya watu wengine. Kazi ndiyo iliyowafundisha. Kwa hiyo vidole vyako huenda vikahitaji glavu mapema kuliko vya jirani yako. Hiyo ni habari ya glavu. Hakuna daktari aliyepima vidole akapata humo jibu la mtu aishi wapi, apende nini, au apewe kazi gani.

Tena hapo kwenye kazi ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, kwa sababu mimi naona watu wakizungumza habari za rangi na hali ya hewa, mara nyingi kuna kitu kingine mezani. Ukitazama chini ya mazungumzo hayo utakuta shamba, ajira au mpaka.

Chukua viwanda vya chuma vya Marekani. Kazi mbaya kuliko zote ilikuwa juu ya tanuri za kuokea makaa ya mawe, mahali penye moto na moshi mzito wenye sumu. Weusi walipangwa huko kwa wingi, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba wao wanastahimili joto. Ilipoonekana kwamba wafanyakazi weusi wa viwanda vile wanakufa kwa saratani ya mapafu kupita kiasi, ingekuwa rahisi kusema ni rangi yao. Mwaka 1971 ulitolewa utafiti wa wafanyakazi wa chuma wa wilaya ya Allegheny, Pennsylvania, uliotenganisha watu kwa mahali walipofanya kazi. Waliokaa juu ya tanuri kwa miaka mitano au zaidi walikuwa na vifo vya saratani ya mapafu takriban mara kumi ya vile vilivyotarajiwa. Kilichowaua kilikuwa mahali waliposimama, na waliwekwa hapo kwa sababu ya imani kuhusu ngozi yao. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema "hawa joto wamelizoea" sicheki haraka.

Au Queensland, Australia. Tangu 1863 hadi 1904 walipelekwa huko watu zaidi ya 60,000 kutoka visiwa vya Pasifiki kulima na kukata miwa, wengine kwa mikataba waliyoielewa nusu nusu, wengine kwa hila na kutekwa. Hoja ya wenye mashamba ilikuwa kwamba Mzungu hawezi kufanya kazi hiyo katika joto la kitropiki. Mwaka 1901 Australia ikaamua inataka kuwa nchi ya weupe, ikatunga sheria ya kuwarudisha watu wa visiwani makwao, wapende wasipende. Wengi waliondolewa kati ya 1906 na 1908. Miwa ikakatwa na nani? Na Wazungu, katika jua lilelile. Mwaka 1910 ilifunguliwa huko Townsville taasisi ya tiba ya kitropiki, na swali lake kubwa lilikuwa kama Mzungu anaweza kuishi na kuzaa katika joto. Baada ya miaka kama kumi ya vipimo jibu likawa ndiyo, tena sana. Sayansi ilikubali kugeuka baada ya sera kugeuka. Mtu asiyeweza kushika panga kwa sababu ya hali ya hewa alilishika vizuri malipo yalipokuwa mazuri.

Wakati huohuo, kwingineko Wazungu walikuwa bado wanatembea na kofia ngumu za kukinga jua na vitambaa vya kufunika uti wa mgongo, wakiamini jua la Afrika litawavuruga akili. Waliamini kwa dhati. Ninakutajia hilo usije ukadhani dhana hizi zinawaumiza watu weusi peke yao; zimewahi kuwafanya watu wazima wenye elimu wavae flaneli mgongoni kwenye joto la Mombasa.

Sasa sikiliza mwaka 1911. Weka akilini mwaka huo.

Familia za wakulima weusi kutoka jimbo la Oklahoma, Marekani, zilikuwa zimeanza kuhamia nyika za magharibi ya Kanada, zikikimbia sheria za ubaguzi. Kanada ilikuwa inagawa ardhi na kuwaita watu kutoka Ulaya na Marekani. Matangazo yake yalikwepa sana kutaja baridi. Yalipendelea kusifu hewa safi na yenye kuchangamsha. Lakini watu weusi walipoanza kuitikia mwito, ghafla baridi ikakumbukwa. Mawakala walitumwa Oklahoma kuwavunja moyo. Tarehe 12 Agosti 1911 serikali ya Waziri Mkuu Wilfrid Laurier ikapitisha agizo la kuzuia kwa mwaka mmoja watu wa jamii ya Weusi, kwa maelezo kwamba jamii hiyo inahesabiwa kutofaa kwa hali ya hewa na mahitaji ya Kanada. Imeandikwa hivyo, hali ya hewa. Agizo halikutekelezwa, likafutwa kabla ya miezi miwili kwisha, ila vikwazo vya kimyakimya vilikwisha kufanya kazi yake. Waliokuwa wamewahi kuingia walijenga makazi yao, mojawapo ikiwa Amber Valley, kaskazini ya Edmonton, mahali ambapo majira ya baridi hushuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Walikata misitu, wakajenga shule na kanisa, wakalima, wakazeeka huko.

Mwaka huohuo wa 1911, upande wa pili wa dunia, Wamaasai walikuwa wanaanza kuhamishwa kutoka Laikipia. Walikwisha kuondolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904. Ardhi ile ya juu, yenye umande na usiku wa kutetemesha, ilitakiwa na walowezi, na sababu iliyorudiwa katika nyaraka na hotuba ilikuwa kwamba hali yake ya hewa inawafaa Wazungu. Wahindi nao walinyimwa haki ya kumiliki mashamba huko. Waraka wa Devonshire wa 1923, tamko la serikali ya Uingereza, ulithibitisha kwamba nyanda za juu ni za Wazungu. Sasa waulize Wakikuyu, Wanandi, Wakipsigis na Wamaasai kama walikuwa wanasubiri mtu aje kuwaeleza kwamba baridi hiyo si yao. Walikuwa wameishi ndani yake vizazi na vizazi.

Ziweke habari hizo mbili pamoja uzitazame. Kanada, mweusi anazuiwa kuingia kwa sababu kuna baridi. Kenya, mweusi anatolewa kwa sababu kuna baridi. Huyohuyo mweusi, baridi hiyohiyo, mwaka uleule. Kitu pekee kisichobadilika katika habari zote mbili ni nani alibaki na shamba.

Hata habari ya zamani zaidi ina mwelekeo huo. Mwaka 1783 watu weusi wapatao 3,000 waliokuwa upande wa Uingereza katika vita vya uhuru wa Marekani walipelekwa Nova Scotia, mashariki ya Kanada. Mwaka 1792 takriban 1,200 kati yao walipanda meli kwenda Sierra Leone. Ukiuliza kwa nini, wengi watakujibu upesi: baridi. Lakini Thomas Peters, aliyevuka bahari mpaka London mwaka 1791 kuwasilisha malalamiko yao, alikuwa amebeba lalamiko la ardhi waliyoahidiwa wasipewe. Na zaidi ya nusu hawakuondoka. Na weusi wa Nova Scotia ndio walioanzisha huko Halifax, mwaka 1895, ligi yao ya hoki ya barafu. Hao waliodhaniwa wameshindwa na baridi walikuwa wanaichezea.

Nisikuchoshe na wanafalsafa, ila mmoja au wawili wananifurahisha. Aristotle aliandika kwamba watu wa nchi za baridi wana ujasiri bila akili, wa Asia wana akili bila ujasiri, na Wagiriki, waliopo katikati, wana vyote. Ibn Khaldun, katika karne ya 14, naye aliigawa dunia katika kanda saba akaona zile za katikati ndizo zenye watu waliokamilika. Na yeye alizaliwa Tunis. Montesquieu wa Ufaransa, katika kitabu chake cha 1748, alieleza jinsi alivyogandisha nusu ya ulimi wa kondoo, akaona vipele vyake vimesinyaa, akatoa humo hitimisho kuhusu tabia za mataifa. Kila mmoja alipochora ramani ya hali ya hewa nzuri, nyumba yake iliangukia upande mzuri. Kondoo ndiye aliyeumia.

Tumalize habari za Aktiki, maana najua unazipenda. Matthew Henson alizaliwa Maryland mwaka 1866, mtoto wa watu weusi huru. Alisafiri na Robert Peary, Mmarekani mweupe aliyetaka kufika Ncha ya Kaskazini, kwa zaidi ya miaka ishirini. Alijifunza lugha ya Wainuit, akajifunza kutengeneza sleji, yale magari ya kuburutwa juu ya barafu, na kuendesha mbwa kuliko Mmarekani mwingine yeyote katika misafara ile. Peary alipoteza vidole vingi vya miguu kwa baridi mwaka 1899. Henson ndiye aliyekuwa anamsaidia. Walitangaza kwamba tarehe 6 Aprili 1909 walifika Ncha ya Kaskazini pamoja na Wainuit wanne, Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama walifika penyewe au walikosea, lakini hakuna anayebisha kwamba Henson alikuwa huko, mbele, kwenye barafu. Peary alivikwa medali. Henson alirudi kufanya kazi ya ukarani katika jengo la forodha New York. Klabu ya wavumbuzi wa nchi za mbali, Explorers Club, ilimpokea mwaka 1937. Mabaki yake yalihamishiwa makaburi ya kitaifa ya Arlington mwaka 1988. Kilichomchelewesha hapo hakikuwa theluji.

Na yuko Tété-Michel Kpomassie, kijana wa Togo aliyeona kitabu kuhusu Wainuit akaamua atakwenda kwao. Hakuwa na pesa. Alifanya kazi kutoka nchi hadi nchi, kupanda Afrika Magharibi na Ulaya, kwa miaka kama minane, akatua Greenland mwaka 1965. Huyu simtaji kwa sababu alistahimili. Namtaja kwa sababu alitaka. Watu wanaweza kukubali kwamba mweusi amelazimishwa na maisha kwenda penye barafu. Kinachowashangaza ni mweusi aliyeiota barafu tangu utotoni kama wengine wanavyoota bahari. Binamu yako hasira yake iko hapo hapo. Angekusamehe kama ungesema unakwenda kuteseka.

Philip Boit wa Kenya aliona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996, Ufini. Mwaka 1998 akashindana kwa skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, katika mbio za kilomita 10 za Olimpiki za Nagano, Japani, akamaliza wa mwisho. Bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri mstarini amkumbatie, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Wanaotutetea hupenda kutuonyesha mabingwa tu, kana kwamba mweusi lazima apate dhahabu kwanza ndipo apewe ruhusa ya kugusa theluji. Mimi nampenda zaidi huyu aliyekuja wa mwisho.

Kuhusu namna ya kujibu. Mwenyeji wako usimjibu kwa ukali. Pengine anahofu tu kwamba utafika na koti jepesi, na hofu hiyo ni ya heshima. Mwambie unapenda baridi, umuulize yeye anafanyaje mwezi wa Februari, uone atakavyolalamika. Wa mzaha mrudishie mzaha. Lakini akitokea mkubwa wa kazi anayekupanga zamu, kazi ya nje au ya tanuri, kwa hoja ya asili yako, hapo acha mzaha. Muombe aandike sababu hiyo kwa maandishi. Sababu za namna hii huona aibu zikiwekwa kwenye karatasi.

Na huku kwetu usiwe mwepesi wa kuwacheka wengine. Tunasema Mzungu hasikii baridi, Mhindi hawezi mvua, Mchina anavumilia kila kitu. Mtalii akivua shati tunasema kazoea, kumbe anatetemeka na anaona haya kuomba sweta. Binamu yako naye usimkate. Amekua akisikia kwamba kupenda kitu kinachohesabiwa cha Wazungu ni kujikana, na kuna watu kweli waliojikana, kwa hiyo hofu yake haikutoka hewani. Muulize tu nani aliigawa theluji ikawa ya Wazungu, na yeye alikuwepo siku ya mgao? Wapo watu weusi Lesotho wanaoamka na theluji mlimani. Nchi yao nzima iko juu ya mita 1,400, na hakuna aliyeleta theluji hiyo kwa meli.

Mambo ya kufanya sasa. Nunua glavu zile zinazoweka vidole vinne pamoja, si zile za kutenganisha kila kidole. Vidole vikikaa pamoja vinapashana joto. Viatu visikubane, kwani damu isipopita mguu huganda hata ndani ya soksi tatu. Ukiona kidole kimekufa ganzi na kubadilika rangi usikisugue wala usikipeleke karibu na moto. Kiweke kwenye maji ya uvuguvugu, na kikikataa kuamka nenda hospitali. Kwenye ngozi yetu mabadiliko ya rangi hayaonekani upesi kama vitabu vinavyoonyesha, kwa hiyo sikiliza ganzi zaidi ya kutazama. Daktari akupime vitamini D kabla ya majira ya baridi. Kule jua la miezi ile ni dhaifu kwa kila mtu, na ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiasi kilekile. Giza la saa kumi alasiri litakusumbua kuliko baridi, hilo waulize walioko huko, wa rangi zote. Toka nje mchana, hata kama ni dakika chache.

Baba yako anasema usijaribu skii mpaka umalize mwaka wa kwanza. Mimi sikumbuki kama amewahi kuona skii. Wewe niandikie kozi ya wanaoanza inagharimu kiasi gani na inaanza lini, tuone.

Nakupenda,
Mama yako